Uwanda Ulio Wazi Nao ni Amana

Ijumaa ya tarehe 10 Januari, 2025, ndege ndogo aina ya Cessna 172 iliyokuwa katika safari ya mafunzo ilianguka katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Malindi, mahali paitwapo Kwachocha, na kuwaka moto. Taarifa za mwanzo zilitaja hitilafu ya injini. Rubani na wanafunzi wake walinusurika, lakini watu watatu waliokuwa chini walifariki dunia. Marehemu hao hawakukata tikiti wala hawakuwa na safari ya angani. Walikuwa katika shughuli zao za kawaida za mchana.

Habari hii haina budi kutuzindua sisi wa Unguja, na hasa wakaazi wa Mwanakwerekwe na vitongoji jirani, ambao si mbali na Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume na ambao ngurumo za ndege kwao ni jambo la kila siku. Pale pana soko, skuli, makaburi na kituo cha gari, na kutwa nzima hapakosi umma wa watu. Kadhalika, wengi wetu tunaokwenda Pemba hupanda ndege ndogo zenye injini moja tu.

Yafaa ieleweke kwamba injini ikizima angani, ndege haidondoki papo hapo kama embe. Ndege ya aina ile, ikiwa mita 300 juu ya ardhi, inaweza kuteleza hewani kiasi cha kilomita 2 na nusu, ikiwa rubani ataihifadhi kasi yake. Katika muda huo mfupi yeye hatafuti jengine ila uwanda ulio wazi: shamba, kiwanja cha mpira au ufukwe. Akiupata, huenda roho zote zikasalimika. Asipoupata, mbele yake huwa pamebaki mapaa ya nyumba na barabara zilizojaa watu.

Kwa hiyo, ardhi tupu iliyo karibu na uwanja wa ndege si ardhi iliyosahauliwa. Ni kinga, kama vile boya ndani ya chombo cha baharini, ambalo hakuna nahodha mwenye akili atakayelitupa kwa kuwa halijatumika mwaka mzima. Tunawaomba wakuu wanaohusika na ardhi na mipango miji wavilinde viwanja vya michezo na mashamba yaliyosalia katika eneo hilo, wala wasikubali yakatwe vipande na kugawiwa viwanja vya kujengea. Masheha nao wasinyamaze wanapoona msingi unachimbwa pasipostahiki.

Liko pia jambo linalotuhusu sisi abiria. Tarehe 28 Novemba, 2023, ndege mbili za abiria zinazohudumia safari za Zanzibar zilipata ajali siku moja katika kiwanja cha Kikoboga, ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyekufa. Lakini ni mara ngapi fundi anapoizuia ndege isiruke ili aikague, abiria hupiga kelele, na mwenye cheo akataka kujua kwa nini anacheleweshwa? Dini inatufunza kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Fundi anayesema "bado" anastahili shukrani, na hapana mkubwa yeyote mwenye haki ya kumharakisha.

Ajali ya Bukoba ya tarehe 6 Novemba, 2022, iliyoua watu 19 kati ya 43, ilitufunza kwamba wa mwanzo kufika huwa ni wananchi. Kule ziwani walikuwa wavuvi. Basi wananchi wafundishwe. Vikosi vya uokozi viende katika shehia na skuli kueleza mambo matatu: njia iachwe wazi kwa gari za zimamoto, watu wajiepushe na mafuta yaliyomwagika, na vipande vya ndege visiguswe ila kwa ajili ya kuokoa mtu, kwa sababu vipande hivyo ndivyo vinavyowaonyesha wachunguzi chanzo cha ajali.

Mwisho, taratibu za kimataifa zinasema kwamba uchunguzi wa ajali ya ndege shabaha yake ni kuzuia ajali nyengine, si kumtafuta wa kulaumiwa. Kama ni hivyo, ripoti zake zitolewe pia kwa Kiswahili, ili zisomwe na sheha, mwalimu na mchuuzi wa soko la Mwanakwerekwe. Wote hao wanaishi chini ya njia ya ndege, na mafunzo ya ajali ni haki yao kama yalivyo haki ya rubani.