Taa ya Manjano

Likizo iliyopita taa ya ABS iliwaka katika Toyota HiAce yetu ya 1998, ichukuayo dagaa kutoka Mwaloni, Kirumba, mpaka Ngudu. Baba alitaka kung'oa balbu, maana breki zilishika. Kweli zilishika, lakini siku ya mvua, zikikanyagwa kwa ghafula, magurudumu yangejifunga na gari lingeteleza, usukani usifae kitu.

Fundi aliunganisha kwa waya matundu mawili ya soketi ya uchunguzi, Tc na E1. Taa ikapepesa mara 3, ikatua, kisha mara 1: yaani 31, sensa ihesabuyo mzunguko wa gurudumu la mbele kulia. Tuliikuta imegandwa na matope na chembe za chuma, nikaisafisha mwenyewe. (Ingaliwaka nyekundu pia, tungalitazama kwanza mafuta ya breki.)

Asubuhi taa iliwaka kidogo, ikazimika, kama ipasavyo. Baba akapakia dagaa.