Gata Huharibika Kiangazi

Hewa yenye unyevu inayotoka upande wa Ziwa Nyasa hupanda miteremko ya Mlima Rungwe, hupoa kadiri inavyopanda, kisha huangusha maji yake, na ndiyo maana mji wa Tukuyu hupata mvua inayopita milimita 2,000 kwa mwaka. Masukulu na kata nyingine za Wilaya ya Rungwe zina kipindi kimoja kirefu cha mvua, ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hukiita mvua za msimu na kukihesabu kuanzia Novemba hadi Aprili, ingawa wenyeji wanajua kwamba Mei nayo huwa na maji yake, na kwamba hata Juni na Julai manyunyu na ukungu havikosekani.

Katika mazingira ya namna hiyo mfereji unaofungwa kwenye ukingo wa paa ili kukinga maji ni sehemu ya nyumba kama ulivyo mlango. Watu wa pwani wana neno la zamani, mlizamu, lakini fundi wa Tukuyu husema gata, na duka la vifaa vya ujenzi nalo huuza gata. Kwa bahati mbaya hicho ndicho kifaa kinachonunuliwa mwisho, fedha za ujenzi zikiwa zimekwisha, na wengi hukiona kuwa chombo cha kujazia tangi tu, hali kazi yake ya kwanza ni kulinda msingi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji, kwa hiyo nyumba ambayo paa lake limefunika mita 8 kwa 10 hupokea lita 80 kwa kila milimita, na mvua ya siku moja ya milimita 50 huiteremshia lita 4,000, nusu upande huu na nusu upande ule. Pasipo gata, maji hayo hudondoka kwenye mstari uleule kila siku. Udongo wa Rungwe, uliotokana na majivu ya volkano, ni mwepesi kuchimbika, na baada ya misimu michache huonekana chini ya ukingo wa paa kijifereji kilichochongwa na matone, huku matope yanayoruka yakipaka safu za chini za ukuta rangi ya kahawia hadi usawa wa goti. Ukuta wa tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo badala ya saruji ndio unaoumia zaidi, kwa sababu tofali hubaki huku udongo uliozishika ukioshwa kidogo kidogo.

Wazee wa Kinyakyusa walijenga kwa mianzi na kuezeka kwa nyasi, na Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyepita kaskazini ya ziwa mwaka 1879, alivisifu sana vijiji vyao kwa unadhifu. Paa la nyasi hunywa sehemu ya maji na kuyaachia polepole. Bati halinywi kitu, hivyo aliyehamia kwenye bati alihamia pia kwenye tatizo ambalo nyasi ilikuwa ikilipunguza.

Mafundi wengi hufuata kanuni kwamba kila mita 1 ya mraba ya paa inahitaji walau sentimita 1 ya mraba ya nafasi ndani ya gata. Gata la nusu duara lenye upana wa sentimita 10 lina nafasi ya sentimita 39 za mraba hivi, yaani linautosha kwa shida upande mmoja wa nyumba iliyotajwa hapo juu, na kwa mvua za Rungwe anayeweza kununua pana zaidi anunue. Lakini uchafu wenye kina cha sentimita 2 tu ukitulia chini ya gata hilo hula sentimita 11 za mraba, zaidi ya robo ya nafasi yote, na gata lililotosha wakati wa kufungwa halitoshi tena, ijapokuwa kwa mtu aliyesimama uani linaonekana zima kabisa.

Uchafu huo hujikusanya kiangazi. Mparachichi, ambao siku hizi umejaa wilayani, huangusha majani yake magumu karibu na wakati wa kuchanua. Mkaratusi huangusha majani na maganda. Vumbi la barabara hutua juu yake, na manyunyu ya Julai huufanya mchanganyiko huo kuwa tope jeusi lisilokauka. Chini ya tope hilo zinki, madini yaliyopakwa juu ya chuma ili kukikinga na kutu, huanza kuliwa: kwanza hutokea unga mweupe, kisha madoa ya kahawia, hatimaye tundu. Mvua ya Novemba huja kuonyesha tu kilichokwisha kutokea.

Kwa sababu hiyo kazi kubwa ifanywe kati ya Agosti na Oktoba. Ngazi iegemezwe ukutani, kamwe isiegemezwe kwenye gata lenyewe, miguu yake ikiwa mbali na ukuta kwa mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, na mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani, ambao mara nyingi hupita palepale penye ukingo wa paa. Tope litolewe kwa mkono na kutiwa ndooni, lisisukumwe kwenye bomba la kushushia maji. Kisha ndoo ya maji imwagwe taratibu mwisho wa juu wa gata na maji yatazamwe yanavyokwenda. Gata lililofungwa vizuri hushuka kama sentimita 1 kwa kila mita kuelekea bomba, na maji yanapotuama ndipo kishikio kilipolegea, au ubao wa ukingo wa paa, ambao mafundi huuita fishabodi, umeoza na kuachia msumari. Kuziba tundu kwa lami juu ya ubao uliooza ni kupoteza lami.

Msimu ukishaanza kazi hupungua: kutazama baada ya kila dhoruba, hasa Machi na Aprili, na kuondoa majani mdomoni mwa bomba. Maji yasiyoelekezwa kwenye tangi yapelekwe kwa mtaro hadi kwenye migomba, maana nyumba nyingi za Rungwe ziko miteremkoni na maji yaliyoachwa huishia uani kwa jirani wa chini, jambo ambalo limevunja ujirani mwema mara nyingi kuliko mipaka ya shamba.

Mwenye tangi ana la ziada. Mvua ya kwanza huosha paa, vumbi na kinyesi cha ndege, kwa hiyo bomba linaloingia tangini huchomolewa na maji hayo huachwa yaende zake, hata kama tangi ni tupu na mama wa nyumba amesimama na ndoo mkononi. Paa likishatoa maji meupe, bomba hurudishwa, na kwa paa la mita 80 za mraba tangi la lita 2,000 huhitaji milimita 25 tu, kiasi ambacho mbingu ya Rungwe huweza kukitoa mchana mmoja.