Nyumba Mbele, Gari Nyuma

Kila mwaka theluji inapoanza kuyeyuka huku Marekani, napokea swali lilelile kwa simu. Safari hii aliyepiga ni binamu yangu wa Ohio. Yeye na mkewe wamenunua gari-nyumba la mtumba, lile kubwa lenye umbo la basi, ndani mna vitanda, jiko, choo na bafu, na wanataka kuwapeleka watoto mbuga ya Glacier kule Montana. Nyumbani wana Jeep Wrangler ya milango minne. "Kaka," akaniuliza, "tuivute hii Jeep au tuiache?" Nikamuuliza: mkifika, mtakaa mahali pamoja siku ngapi?

Nilisikia akinyamaza. Alitegemea nimuulize ukubwa wa injini, kwa sababu ndilo jambo la kwanza analozungumza kila muuzaji. Lakini mimi ni fundi wa giaboksi na breki, na katika miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona safari iliyoharibika kwa sababu injini ilishindwa kuvuta. Zinazoharibika ni za watu waliofunga gari nyuma bila kujua watalitumia lini, au bila kujua uzito wao, au bila kujua watasimamaje.

Gari-nyumba ni raha likiwa njiani. Taabu huanza ukishafika. Umeliegesha, umelisawazisha kwa jeki zake, umeunga maji, umeme na bomba la majitaka, watoto wameshatandaza viti nje. Jioni mkate umekwisha, au mtoto kapata homa, na duka la dawa liko kilomita 20. Huwezi kwenda mpaka ukunjue ulichokitandaza, ufungie vyombo kabatini na uendeshe nyumba nzima kufuata chupa ya dawa. Manahodha wa pwani yetu wanaijua shida hii. Jahazi haliingii penye maji ya kina kifupi, kwa hiyo hufunga kihori nyuma, na likishatia nanga watu hushukia humo. Madereva wa magari-nyumba nao, gari dogo wanalolivuta wamelipa jina la mashua ya namna hiyohiyo.

Kwa hiyo ramani inaamua kabla ya fundi. Glacier ina barabara ya Going-to-the-Sun, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1933, imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja mwamba na mwingine korongo. Katika sehemu yake ya juu hairuhusiwi chombo chenye urefu unaozidi futi 21, yaani mita 6.4, wala upana unaozidi futi 8. Gari-nyumba la binamu yangu lina mita 10. Asipokuwa na gari dogo, atategemea basi au ataitazama barabara hiyo kwenye picha. Lakini angekuwa anaelekea Zion kule Utah, ningemwambia aiache Jeep nyumbani: tangu mwaka 2000, msimu wa wageni wengi, watu huingia bondeni kwa mabasi ya bure na magari binafsi hayaruhusiwi. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon nao una mabasi ya bure. Na kama safari ni ya kulala usiku mmoja hapa na mmoja pale, kila asubuhi kuondoka, kazi ya kufunga na kufungua itakuchosha kuliko faida utakayoipata.

Wao watakaa Glacier siku 9. Hapo tukaanza kuzungumza habari za uzito.

Karibu na kiti cha dereva kuna kibandiko kinachoeleza uzito wa juu kabisa wa gari-nyumba likiwa limepakiwa. Ipo namba nyingine ambayo wengi huipita: uzito wa juu wa msafara mzima, nyumba pamoja na chochote kilichofungwa nyuma yake. Ya tatu imegongwa kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya bampa. Muuzaji atakuonyesha hiyo ya tatu, maana inaonekana kwa macho na mara nyingi inapendeza. Lakini unatakiwa kuifuata ile inayokubana zaidi.

Gari la binamu yangu limejengwa juu ya chasi ya Ford F-53 ya miaka ya 2010, yenye kikomo cha pauni 22,000 kwa gari lenyewe na pauni 26,000 kwa msafara. Toa moja kwa nyingine: nyumba ikijaa kabisa, zinabaki pauni 4,000, sawa na kilo 1,814. Chuma chake kimegongwa 5,000. Sasa linganisha na chasi ndogo ya Ford E-450 ya miaka hiyohiyo: pauni 14,500 kwa gari, 22,000 kwa msafara, tofauti 7,500. Watu hushangaa wakisikia kwamba nyumba ndogo imeachiwa nafasi kubwa zaidi. Sababu ni kwamba zote mbili zilitumia injini ya V10 ya lita 6.8, na katika ile kubwa sehemu kubwa ya kazi imeshaliwa na kuta, makochi, friji na matangi.

Namba za kibandiko ni mipaka tu. Uzito wako halisi unaujua kwenye mizani. Ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili huku wanaendesha malori, na wanaijua vizuri mizani ya CAT iliyopo kwenye vituo vikubwa vya mafuta. Hupima ekseli moja moja na kukupa karatasi. Mtu wa gari-nyumba anaruhusiwa kupima kama dereva wa lori. Nenda siku mmepakia kila kitu, na watu wote wakiwemo ndani: chakula, gesi, baiskeli, maji. Maji hasa. Kila lita ni kilo moja, na tangi la lita 280 ni sawa na kuwabeba watu wazima wanne wasioonekana.

Tukiridhika na uzito, ndipo tunaliangalia gari lenyewe linalotaka kuvutwa, na hapa nawaomba wasomaji wawe na subira nami, kwa sababu mambo haya nayaona kila wiki mezani pangu. Njia za kuvuta ni tatu. Unaweza kuliburuta gari matairi yote manne yakiwa chini. Unaweza kupandisha magurudumu mawili ya mbele juu ya kitoroli. Au unalipandisha lote juu ya tela. Tela linafaa gari lolote, ila lenyewe lina uzito wa karibu kilo 900, na kwa chasi kama ya binamu yangu limeshakula nusu ya nafasi. Kitoroli kinafaa magari yanayosukumwa na magurudumu ya mbele, lakini ukifika kambini utatafuta pa kukiweka. Wengi wanataka matairi manne chini, kwa kuwa unafungua pini chache na gari liko huru.

Si kila gari linaikubali njia hiyo. Ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna pampu inayosambaza mafuta kwenye gia na beringi, na pampu hiyo huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, pampu imelala. Gari likivutwa, magurudumu yanazungusha shafti kutoka upande wa pili, vyuma vinazunguka kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huku mafuta yametulia chini. Saa mbili tatu za hali hiyo zinatosha. Nimezifungua giaboksi za namna hiyo: mafuta yamekuwa meusi, yananuka kuungua, na mwenye gari amesimama pembeni anauliza imekuwaje, ilhali gari "halikuendeshwa" safari nzima. Kuweka gia kwenye frii hakusaidii hapo, maana frii inatenganisha injini, haizuii magurudumu kuzungusha vyuma vilivyo nyuma yake.

Wrangler imepata umaarufu kwa wenye magari-nyumba kwa sababu nyuma ya giaboksi yake kuna boksi jingine la kugawa nguvu kwa ekseli mbili, na boksi hilo lina frii yake. Ukiiweka hapo, magurudumu yanazunguka bila kuigusa giaboksi, na kitabu cha gari kinaeleza hatua zake. Honda CR-V nayo ilipendwa sana hadi toleo la 2014. Kuanzia 2015 ilipowekewa giaboksi ya mkanda, ruhusa hiyo ikaondoka. Jina lilelile, umbo linalofanana, na mtu akinunua ya mwaka mmoja mbele ameharibikiwa. Magari ya umeme yana jambo lake: mota imeungwa moja kwa moja na magurudumu, na ukiyavuta inageuka jenereta. Tesla wanataka magari yao yabebwe magurudumu yote yakiwa juu. Kitabu cha gari lako, la mwaka wako, ndicho chenye kauli. Usichukue ya jirani.

Sasa breki, ambazo ndizo zinazonikosesha usingizi.

Gari la kilo 1,900 nyuma ya nyumba ya tani 10 linaongeza karibu moja ya tano ya uzito, maana yake karibu moja ya tano ya joto ambalo breki zinapaswa kulimeza kila mnaposhuka. Kwenye tambarare hutalihisi. Panda barabara ya I-70 kule Colorado mpaka handaki la Eisenhower, mita 3,401 juu ya usawa wa bahari. Kwenye hewa nyepesi kiasi hicho, injini ya petroli isiyo na turbo imepoteza karibu theluthi ya nguvu zake, na dereva anadhani shida yake ni kupanda. Kisha anatoka handakini kuelekea magharibi, mteremko wa asilimia 7, maili kadhaa. Anakanyaga breki, anaachia, anakanyaga. Diski zinapata moto, maji yaliyonyonywa na mafuta ya breki yanachemka, na mapovu ya mvuke yanakaa mahali pa mafuta. Pedali inazama hadi chini na gari haliitiki. Kando ya barabara hiyo wamejenga njia za changarawe za kuyadaka malori yaliyokatika breki, na hazikujengwa kwa urembo. Waliojifunzia kazi kwenye mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, waliambiwa na wakubwa wao kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Neno hilo ni la kweli Colorado kama lilivyo Iringa, na kwa mtu anayevuta gari ni la kweli zaidi.

Kwa hiyo gari la nyuma lazima lijifungie breki lenyewe. Kuna kifaa kinachokaa mbele ya kiti cha dereva na kuikanyaga pedali kwa niaba yako kila unapofunga breki mbele. Majimbo mengi yanakidai kisheria uzito ukipita kiwango fulani, na kiwango kinachotajwa mara nyingi ni pauni 3,000, lakini hayafanani. Pamoja nacho uwe na waya wa dharura: chuma kikikatika, waya unavutika na breki za gari zinajifunga. Nimewasikia watu wazima wakisema nyumba yao ina breki kubwa, inatosha. Breki zile zilipimwa kwa nyumba.

Mawili matatu nayapitia upesi. Huwezi kurudi nyuma ukiwa umevuta gari lililokanyaga chini. Magurudumu yake ya mbele hujikunja ovyo na chuma hupinda, kwa hiyo ukiingia njia isiyo na pa kugeuzia utashuka ufungue, hata mvua ikinyesha. Kwa sababu hiyohiyo, jaza mafuta kwenye vituo vya malori. Pia dereva wa tani 10 hasikii tairi la gari la nyuma likipasuka. Linaweza kusagika hadi rimu akiwa anaimba na watoto. Weka kamera ya nyuma na vipima upepo kwenye matairi ya gari linalovutwa, na kila kituo zunguka msafara wako, gusa matairi na vitovu vya magurudumu kwa nyuma ya mkono. Kimoja kikiwa na moto kuliko vingine, breki yake imeng'ang'ania.

Gharama si ndogo. Chuma, mabano ya kukifungia, nyaya za taa, kifaa cha breki na ufundi vinaweza kukutoa dola 4,000 bila shida. Ukikodi gari kwa dola 70 kwa siku, fedha hiyo inakupa siku 57. Familia inayosafiri wiki mbili kwa mwaka itachukua miaka minne kuzirudisha. Mtu aliyestaafu anayeishi barabarani msimu mzima, au anayekwenda kwenye mbuga zisizo na magari ya kukodi karibu, atazirudisha mwaka wa kwanza. Na kama unakodi gari-nyumba lenyewe, soma mkataba, kwa kuwa kampuni nyingi haziruhusu kuvuta chochote.

Binamu yangu alikwenda mizani Jumamosi. Gari-nyumba na familia yote: pauni 21,700. Jeep yenye vifaa vyake: 4,400. Jumla 26,100, wamezidi mia moja. Akanipigia amekata tamaa, anataka kuacha baiskeli za watoto. Nikamuuliza tangi la maji lilikuwaje. Limejaa, akasema, lita 284, si tunasafiri mbali? Kambini kuna bomba. Akitembea na robo tangi anapunguza kilo 213, karibu pauni 470, na baiskeli zinapanda.

Jumapili walifunga Jeep kwa mara ya kwanza katika uwanja wa kanisa uliokuwa mtupu. Nilikuwa kwenye simu. Nilimwambia aende mbele pole pole, hatua ishirini tu, na shemeji atembee kando ya Jeep akiyatazama magurudumu yote manne. "La nyuma kulia linazunguka," nikamsikia shemeji akisema. "La mbele nalo. Simama kwanza, nikaangalie upande wa pili."