Mto Don: wadudu wa chini ya mawe na mafuriko ya Toronto

TORONTO, Kanada

Julai 16, 2024, mvua ya karibu milimita 98 ilipimwa kwa saa chache katika uwanja wa ndege wa Pearson wa Toronto. Mto Don ulifurika hadi kwenye barabara kuu ipitayo bondeni, na baadhi ya madereva wakaokolewa kutoka ndani ya magari yao. Picha zilizunguka dunia nzima.

Wasioonekana kwenye picha hizo ni wakazi wa sakafu ya mto: wadudu wachanga, minyoo na konokono. Ndio wanaosaga majani yaliyooza, ndio chakula cha samaki, na ndio mashahidi wanaoeleza hali ya mto hata siku ambayo maji yanaonekana safi.

Msomaji asidhani kwamba gharika ni jambo geni kwao. Kuna mdudu ambaye akiota mabawa huishi siku moja au mbili tu, lakini utoto wake wote huupitisha majini. Baadhi ya jamii zake wana mwili bapa, hujibandika juu ya jiwe ambako maji hupoteza nguvu. Mwingine hufuma wavu wa hariri kati ya mawe na kutega chakula. Mabuu wa usubi hubandika hariri jiweni, kisha hujishika kwa vikulabu. (Usubi wa huku huuma sana, lakini hauenezi ule ugonjwa wa upofu unaojulikana kwetu.)

Maji yakizidi, wengi huzama ndani ya changarawe. Marehemu Profesa Noel Hynes wa Chuo Kikuu cha Waterloo, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alipambana na nzige Afrika Mashariki, alichimba sakafu ya mto Speed, hapa Ontario, na kukuta maisha tele chini ya changarawe. Humo ndimo maficho yao. Mafuriko yakipita, wanarudi juu na maisha yanaendelea.

Kwa maelfu ya miaka mafuriko makubwa yalikuja na majira yake, theluji ilipoyeyuka. Tatizo la Don ni jiji lenyewe. Bonde lake lina kilomita za mraba zipatazo 360, na zaidi ya asilimia 80 ya eneo hilo limejengwa. Mvua inayoanguka juu ya lami na mapaa hainywewi na ardhi. Huingia kwenye mabomba na kufika mtoni kwa kishindo. Hata mvua ya kawaida huleta gharika ndogo. Siku chache baadaye mto umesinyaa, kwa sababu ardhi haikuweka akiba ya kuuchuruzishia polepole.

Mdudu anayehitaji mwaka mzima kukua hapati nafasi. Mawe yanabiringishwa tena na tena, na tope laini linaziba matundu ya changarawe, kwa hiyo maficho nayo yamefungwa. Ongeza chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Wanaobaki ni minyoo na mabuu wekundu wa vijidudu wa jamii ya wale wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Hao hukua haraka, na damu yao nyekundu huwasaidia pale ambapo oksijeni ni haba.

Mwaka 2024 Toronto iliufungulia mto huu mdomo mpya, katika mradi wa zaidi ya dola bilioni 1.2 za Kanada. Ni kazi nzuri, nasema bila kusita: mabwawa ya mimea yamerudi na mitaa ya jirani imepata kinga. Lakini mdomo upo mwisho wa mto. Maji yanaharibikiwa mwendo huko juu, kwenye maegesho ya magari na mabomba ya vitongojini.

Dar es Salaam nayo inahangaika na Msimbazi, na kila masika Jangwani tunaisikia. Mazungumzo yamekuwa ya madaraja na kuhamisha watu. Hata hivyo, watafiti walishatengeneza TARISS, mfumo wa kupima mito ya Tanzania kwa kuangalia wadudu hawa. Unaanza kwa wavu: unasimama mtoni, unatikisa mawe kwa mguu, unamwaga ulichokipata kwenye sinia jeupe na kutazama ni nani bado yuko hai.