Jeni PITX1 na Asili ya Mguu Kifundo

Mtoto anapozaliwa Izia, mjini Sumbawanga, unyayo wake ukiwa umepinda kuelekea chini na ndani, huenda mama akaulizwa amekosea nini. Hali hiyo huitwa mguu kifundo, na duniani humpata takribani mtoto 1 kati ya 1,000. Sehemu ya jibu imepatikana kwa panya.

Mimba ya panya huchukua takribani siku 20. Ifikapo siku ya 10, miguu ya nyuma ni vichipukizi vidogo tu. Hapo hufanya kazi jeni PITX1, ambayo haifanyi kazi hiyo katika miguu ya mbele. Jeni hii haijengi mfupa yenyewe. Hutengeneza protini inayoziwasha na kuzizima jeni nyingine, mithili ya msimamizi anayewapangia mafundi kazi. Mwaka 1999 ilibainika kwamba panya walioikosa kabisa walikuwa na miguu mifupi ya nyuma, ambayo mifupa yake ilikaribia kufanana na ya miguu ya mbele.

Binadamu pia ana PITX1. Mwaka 2008, watafiti wa Marekani waliripoti badiliko la jeni hii katika ukoo wenye mguu kifundo. Mwaka 2011, kati ya panya 225 waliokuwa na nakala moja tu inayofanya kazi badala ya mbili, 20 walikuwa na miguu iliyopinda vivyo hivyo. 205 hawakuwa nayo. Basi badiliko la jeni huongeza uwezekano tu, na kwa watoto wengi haijulikani jeni moja iliyo chanzo. Hii si laana.

Wala asili ya kijeni haizuii tiba. Mifupa ya mtoto mchanga bado ina gegedu nyingi, na viungo vyake hunyumbulika. Kwa njia ya daktari Ignacio Ponseti, unyayo hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu inayobadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Wengi huhitaji pia kukatwa kano ya kisigino kwa upasuaji mdogo. Kisha mtoto huvishwa viatu maalumu vilivyounganishwa, karibu kutwa kucha kwa miezi 3, halafu wakati wa kulala hadi takribani miaka 4. Vikiachwa mapema, mguu huweza kupinda tena.

Mkunga na azikague nyayo za kila mtoto kabla mama hajaruhusiwa kurudi nyumbani, na rufaa itolewe katika wiki za kwanza.