Urekebishaji wa Faili za Mfumo Zilizolindwa katika Windows XP: Chanzo cha Nakala kama Kiini cha Tatizo

1.0 Utangulizi

Windows XP ilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka 2001, na usaidizi wake wa kiusalama kwa watumiaji wa kawaida ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Hata hivyo, mfumo endeshi huo haukutoweka siku hiyo. Uliendelea kuendesha vifaa vya maabara na mitambo ambayo programu zake ziliandikwa kwa ajili yake pekee. Faili za mashine ya namna hiyo zinapoharibika, fundi hana budi kuzirekebisha, kwa kuwa kubadilisha mfumo endeshi ni sawa na kukipoteza kifaa chenyewe. Makala haya yanafafanua utaratibu wa urekebishaji huo na kujenga hoja kwamba ugumu wake haumo katika amri inayotumika, bali katika chanzo cha nakala inayorejeshwa.

2.0 Chimbuko la Ulinzi

Katika matoleo ya awali ya Windows, programu iliyosakinishwa iliweza kuandika juu ya faili za maktaba zilizotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Programu moja ilipoleta toleo kuukuu la faili, nyingine zilizotegemea toleo jipya zilikwama. Ili kukabiliana na hali hiyo, Microsoft iliingiza katika Windows 2000 utaratibu wa kulinda faili za mfumo, ambao ulirithiwa na Windows XP.

3.0 Namna Ulinzi Unavyofanya Kazi

Ulinzi huu hauzuii faili kubadilishwa, bali huitengua athari ya badiliko baada ya kutokea. Faili iliyolindwa inapoguswa, mfumo hupokea taarifa, huilinganisha saini ya faili hiyo na kumbukumbu zilizomo katika faili za katalogi, kisha huamua iwapo toleo lililowekwa ni sahihi. Likiwa si sahihi, nakala hutafutwa kwa mpangilio ufuatao:

(a) kabrasha la akiba liitwalo dllcache, lililomo ndani ya system32;
(b) njia ya mtandao, iwapo usakinishaji ulifanyika kupitia mtandao;
(c) diski ya usakinishaji, ambayo mtumiaji huombwa aiingize.

4.0 Hatua za Urekebishaji

Hatua ya kwanza ni kuikagua diski kuu kwa amri ya chkdsk /r. Nakala safi ikiandikwa juu ya diski bovu, itaharibika upya. Hatua ya pili ni kutekeleza amri ya sfc /scannow kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Tofauti na ulinzi wa kila siku unaosubiri badiliko litokee, amri hii hukagua faili zote zilizolindwa, moja baada ya nyingine.

Iwapo mashine haiwaki kabisa, fundi huianzisha kwa diski ya usakinishaji na kubonyeza herufi R ili kuingia katika dirisha la amri za uokoaji. Faili nyingi katika kabrasha la i386 la diski hiyo zimebanwa, na majina yake huishia kwa kistari cha chini, kama ntoskrnl.ex_. Kwa hiyo hufunguliwa kwa amri ya expand badala ya kunakiliwa tu.

5.0 Tatizo la Chanzo

Ichukuliwe mashine iliyosakinishwa kwa diski ya mwaka 2001, kisha ikawekewa kifurushi cha tatu cha maboresho, kilichotolewa mwaka 2008. Nakala inapokosekana katika dllcache, mfumo huomba diski. Diski ya awali ikiingizwa hukataliwa, kwa kuwa matoleo hayalingani, na ombi hujirudia. Mtumiaji hudhani diski imechubuka, ilhali imepitwa na wakati. Suluhisho ni kunakili i386 kwenye diski kuu, kuunganisha kifurushi cha maboresho na nakala hiyo, kisha kurekebisha thamani ya SourcePath katika sajili ya mfumo ili ielekee huko.

Hatari kubwa zaidi imo katika njia ya uokoaji. Humo ulinzi haufanyi kazi, kwa sababu Windows yenyewe haijawaka. Fundi anaweza kuweka faili ya mwaka 2001 katika mashine ya mwaka 2008 bila kuonywa. Mashine ikigoma kuwaka, kosa hujulikana mara moja. Ikiwaka, huenda ikawa imefungua upya tundu la kiusalama lililokwisha kuzibwa, na hakuna ajuaye. Kwa sababu hiyo, ni muhimu toleo la faili kuandikwa kabla ya kubadilishwa, faili ya zamani kupewa jina jingine badala ya kufutwa, na viraka kuwekwa upya baada ya kazi.

6.0 Hitimisho

Windows Vista, iliyofika sokoni mwaka 2007, iliuhamisha ulinzi kutoka tiba hadi kinga: haki ya kuandika juu ya faili za mfumo ilibaki kwa huduma maalumu ya TrustedInstaller. Katika Windows XP, kinga hiyo haipo. Amri hurejesha kile tu ilichopewa, na jukumu la kuthibitisha kwamba nakala ni halali na inalingana na mashine linabaki mikononi mwa fundi.