Moteri ya aliminiamu haioshwi kama sufuria

Wakati wa mvua, gari linalofika Pinga kutoka Kitshanga, kwa njia ya Mweso na Kalembe, linafika na rangi moja tu: ya matope. Pikipiki ni vilevile. Shofere akishashusha abiria na mizigo, anatafuta maji. Wengine wanateremka mpaka mtoni, wanafungua kapo, wanamwaga ndoo kwa ndoo. Kwa bodi na magurudumu hilo halina shida kubwa. Shida inaanzia chini ya kapo, kwa zile piesi za rangi ya kijivu-nyeupe ambazo kila mtu anataka zing'ae kama siku ya kwanza.

Nyingi ya piesi hizo ni aliminiamu. Kulasi ya moteri, kifuniko cha alternateri, karteri ya gerboksi, na kwa magari ya miaka hii hata radiateri. Kuna moteri ndogo za Toyota, kama ile ya 1NZ-FE, ambazo hata bloki yenyewe ni aliminiamu. Sababu ni uzito: kwa kipimo kilekile, aliminiamu ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Asiyejua piesi yake ni ya nini atafute sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Chuma kinaishika. Aliminiamu haiishiki.

Metali hii haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana watu wanafikiri haiogopi kitu. Ukweli ni kwamba inajilinda kwa ngozi. Mara tu aliminiamu inapokutana na hewa, juu yake inajifunga ngozi nyembamba sana, ambayo jicho haliwezi kuiona, na ngozi hiyo inazuia hewa na maji visiingie ndani. Ikikwaruzwa, inajirudisha yenyewe. Lakini kuna vitu viwili vinavyoiyeyusha: asidi kali upande mmoja, na soda upande mwingine. Maji ya kawaida na sabuni ya kuoshea vyombo viko katikati, havina neno.

Tuanze na soda, kwa sababu ndiyo iko karibu na watu. Soda kostiki inauzwa kwa wale wanaopika sabuni ya mawese, na mafundi wamegundua kwamba inaondoa mafuta meusi ya moteri haraka kuliko kitu chochote. Ni kweli, inayaondoa. Ila ikimaliza mafuta haisimami. Inakula ile ngozi, kisha inakula metali yenyewe. Mtu anaona povu na moshi mdogo, anafikiri uchafu unatoka, kumbe ni piesi inayoyeyuka. Inabaki na rangi nyeusi au kijivu kilichofifia, na mahali palipokuwa laini, pale kulasi inapokalia bloki, panakuwa na vishimo. Hapo maji na mafuta ya moteri vitaanza kuchanganyika, na gari ambalo jana lilikuwa chafu tu leo halitembei tena.

Povu hilo lina hatari nyingine. Ni idrojeni, gesi inayowaka kwa cheche ndogo. Ndiyo maana hata mpika sabuni mwenye ujuzi hachanganyi soda ndani ya sufuria ya aliminiamu: inachemka yenyewe, inatoa gesi, na mwisho inatoboka. Kuweka piesi na maji ya soda ndani ya bido na kufunga kifuniko ni kutengeneza kitu cha kupasuka.

Majivu ni ndugu mdogo wa soda. Mama anayesugua sufuria kwa majivu na mchanga haharibu sana, kwa sababu anasugua haraka na kusuuza palepale, na sufuria haina mahali panapotakiwa kukaa sawasawa kwa kipimo. Moteri iko na mahali hapo. Tena mchanga ukiingia ndani ya moteri au kwenye beringi, unasaga. Dawa ya sufuria ibaki jikoni.

Asidi ya batri ni kosa la pili. Inatumiwa kuondoa ule unga mweupe unaotokea kwenye aliminiamu iliyolala na maji. Unga unatoka, halafu asidi inabaki ndani ya nyufa na nyuzi za bulo, inaendelea kula kimyakimya. Javeli nayo si ya kuosha moteri: inatoboa aliminiamu vishimo vidogo, na ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Kuna pia maji ya kung'arisha rimu yanayouzwa mijini. Mengine yana asidi idrofluoriki ndani, ambayo inaweza kuingia kwenye ngozi bila kuuma mwanzoni na kufika hadi mfupa. Chupa isiyo na maandishi, mtu asiiguse.

Kosa la tatu ndilo linalochoma watu. Esansi inauzwa kwa chupa kando ya barabara, inasafisha vizuri, inakauka haraka, na haidhuru aliminiamu hata kidogo. Ila mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri, na ni mzito kuliko hewa: unashuka chini, unatambaa, unakwenda kutafuta jiko la makaa la jirani au sigara ya mtu aliyesimama mbali. Chini ya kapo kuna batri, na kle ikigusa mahali pabaya inatoa cheche. Mazuti haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ifike zaidi ya nyuzi 55. Kwa hiyo fundi mwenye mafuta mazito ya kuondoa apake mazuti kidogo kwa brashi, juu ya moteri iliyopoa, kisha afuate na sabuni. Petroli ya taa iko katikati ya hizo mbili, na shida yake ni kwamba mara nyingine imechanganywa na esansi kabla ya kufika sokoni. Mnunuzi hawezi kuona.

Namna salama inahitaji uvumilivu zaidi kuliko dawa. Moteri ipoe kwanza, mpaka mkono uweze kukaa juu ya kulasi. Aliminiamu inapanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, na maji baridi juu ya kulasi ya moto yanaweza kuipinda au kuipasua. Kisha kifungo cha batri kinatolewa, kile cha masi kwanza. Kwa magari mengi kle ya 10 inatosha. Alternateri, mdomo wa filtri ya hewa, buji na visanduku vya waya vinafunikwa na sasheti za plastiki. Maji yakiingia kwenye filtri na kufika ndani ya silinda, hayakandamiziki kama hewa: moteri ikiwashwa, bieli inapinda.

Matope yaliyokauka yatolewe yakiwa makavu, kwa kijiti na brashi ya nailoni. Halafu maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa kitambaa, sehemu ndogo kwa sehemu ndogo. Omo na sabuni nyingine za unga zina nguvu za upande wa soda, kwa hiyo zisiachwe kukauka juu ya piesi. Brashi ya chuma haifai: inaacha vipande vidogo vya chuma ndani ya aliminiamu, na baada ya wiki vinaonekana kama madoa ya kutu. Ya shaba ya njano ni laini zaidi. Unga mweupe unaondolewa na ndimu au siki iliyochanganywa na maji, dakika chache tu, kisha maji safi mengi. Haitang'aa kama kioo. Kulasi haihitaji kung'aa ili ifanye kazi.

Kwa wamotari jambo ni tofauti kidogo, na la haraka zaidi. TVS na Boxer nyingi hazina radiateri. Zinapozwa na upepo unaopita kati ya yale mapezi ya aliminiamu yanayozunguka silinda. Matope yakijaa pale, moteri inapika. Mapezi yasafishwe kila baada ya safari ya matope, kwa kijiti cha mti au cha mwanzi, si bisibisi, kwa sababu pezi likivunjika halirudi.

Aliyemwagikiwa na soda au asidi avue nguo zilizolowa na aoshe mahali pale kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kuacha, hata kama maumivu yamepungua. Kupaka ndimu juu ya soda, au majivu juu ya asidi, kunaongeza joto na jeraha. Ikiwa ni jicho, linaoshwa likiwa wazi, na mtu anapelekwa hospitali palepale baada ya kuosha. Soda mwanzoni inateleza tu kwenye vidole kama sabuni. Utelezi huo ni ngozi ya mtu inayoanza kuyeyuka.

Yanabaki maji machafu. Yana mafuta ya moteri, mazuti, na risasi ya batri mara nyingine. Gari likioshwa ndani ya mto, yanateremka pamoja na mkondo mpaka kwa wanaochota maji ya kunywa upande wa chini. Shimo lililochimbwa mbali na mto na mbali na visima, lenye majani makavu au unga wa mbao ndani, linashika sehemu kubwa ya mafuta hayo. Kulichimba ni kazi ya saa moja kwa vijana wawili wenye jembe.